Kibanio Kwanza, Jengo Baadaye

Maneno ya idara yetu ya mifugo kwa wafugaji, wavuvi na viongozi wa vikundi waliokutana Ushongo, wilaya ya Pangani. Tumeyafupisha kidogo ili yaenee kurasani.

 

Mmetuita tuwaeleze shamba la utafiti wa malisho ya ng'ombe linahitaji vifaa gani, na ni vipi kati ya hivyo mnavyoweza kuanza navyo katika lile eneo mnalofikiria kulitenga nyuma ya minazi. Mchoro mliotuonyesha tumeutazama kwa makini. Unaanza na jengo lenye ofisi, stoo na ukumbi wa mafunzo. Baada ya jengo linafuata josho. Baada ya josho uzio. Na mwisho kabisa, pembeni, yameandikwa maneno “vifaa vidogo vidogo”. Tunaomba mturuhusu tuupindue mchoro huo. Fedha zilizopo hazitoshi vyote, na ng'ombe wenu hawana muda wa kusubiri vyote. Akina mama waliopata mitamba ya kukopa wameshatueleza wangapi walikufa kiangazi kilichopita. Kwa hiyo tunachosema leo kinahusu nini kinunuliwe kwanza.

Shamba la kawaida hufugwa ili kupata nyama, maziwa na ndama. Shamba la utafiti hufugwa ili kupata jibu. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, swali liwe limeshakubaliwa na wote, kwa sababu kila kifaa kitapangwa kulifuata swali hilo. Kwa jinsi tulivyowasikiliza, maswali yenu ni mawili: ekari ngapi za nyasi za pwani hii zinamtosha ng'ombe mmoja mpaka mvua za vuli zifike, na ng'ombe huyo afanywe nini ili mbung'o asimmalize. Hayo ni maswali mazuri, na yameshaulizwa karibu sana na hapa.

Jirani yetu Mkwaja

Wazee wengi hapa wanaikumbuka Ranchi ya Mkwaja, kusini mwetu. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kampuni ya Amboni, wenye mashamba ya mkonge, ili kupata nyama ya wafanyakazi wao. Ilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 460, na kuna nyakati ilifuga zaidi ya ng'ombe 10,000, wengi wao Boran, katika nchi ambayo mbung'o wamejaa. Mtu yeyote mwenye busara angesema ng'ombe hao hawatapona. Walipona kwa dawa ya kinga iitwayo Samorin, waliyochomwa mara kadhaa kila mwaka.

Hadithi hiyo wengi mnaijua. Kisichojulikana sana ni kwamba Mkwaja ilitunza kumbukumbu. Kila ng'ombe alikuwa na namba. Tarehe ya kuzaa, uzito wa ndama, sindano aliyopigwa na siku aliyokufa viliandikwa. Mwaka 1985 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo barani Afrika, ILCA, kilichokuwa na makao yake Addis Ababa, kilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka kumi. Ilionekana kwamba Boran wa Mkwaja, pamoja na mbung'o wote wale, walizalisha kwa kiwango cha takriban asilimia 80 ya Boran wenzao waliokuwa katika ranchi za Kenya zisizo na mbung'o. Wataalamu wa nchi nyingine walijifunza kutokana na jambo hilo. Halikutokana na maabara ya gharama kubwa. Lilitokana na hereni za masikioni, mzani, na makarani waliokuwa wakiandika.

Kisha dawa ikaanza kuchoka. Vijidudu vya nagana vilianza kuizoea Samorin, jambo ambalo hutokea popote dawa moja inapotumika miaka mingi bila kupumzishwa, na hutokea haraka zaidi pale mfugaji anapochoma nusu ya kipimo ili chupa imfae ng'ombe wawili. (Tunajua wapo wanaofanya hivyo. Hatutamtazama mtu usoni.) Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ikabadili dawa ya josho na kuanza kutumia deltamethrini, ambayo huua kupe na pia huua mbung'o anayetua kwenye ngozi ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe akawa mtego unaotembea. Baada ya mwaka mmoja idadi ya mbung'o katika ranchi ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na vifo vya nagana vikapungua sana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1993, na bado yanatajwa.

Hapa ndipo wengi wenu mnaposema: basi, tujenge josho. Tutarudi kwenye josho.

Mkwaja ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Ng'ombe walipoondoka walikuja watafiti kutoka Zürich, Uswisi, kuuliza swali la upande wa pili: miaka karibu hamsini ya ng'ombe imeifanya nini ardhi hii? Waliyoyaona yanatuhusu moja kwa moja katika kuchora ramani ya shamba lenu. Ng'ombe wa Mkwaja walichungwa mchana na kulazwa usiku katika maboma yaliyotawanyika kote ranchini. Kila siku kundi lilitoka bomani, likala, likarudi. Siku zikawa miaka. Karibu na boma, udongo ulijaa samadi na magugu yakaota. Mbele kidogo, mahali palipochungiwa sana, ndipo ule mgunga wa pwani wenye miiba na vinundu vya sisimizi ulipoota kwa wingi na kufunga malisho. Mbali kabisa, ambako ng'ombe walifika mara chache, nyasi ndefu ziliendelea. Ungeweza kusoma historia ya boma kwa kutazama mimea tu. Hata baada ya ng'ombe kuondoka, udongo wa maboma ya zamani ulibaki na rutuba kuliko sehemu nyingine, na ngiri walipapenda kwa majani yake.

Kwa hiyo boma la usiku ni kifaa cha utafiti, mtake msitake. Mahali mtakapoliweka mwaka huu ndipo patakapoamua wapi patakuwa na nyasi na wapi patakuwa na vichaka wakati watoto wenu watakapokuwa wafugaji. Ushauri wetu ni boma la kuhamishika, la nguzo nyepesi, lihamishwe kila baada ya miezi michache. Ardhi itakayoachwa na samadi ipandwe mahindi au majani ya kulishia. Zizi la matofali tunaomba mliahirishe.

Mzani na kibanio

Sasa tuje kwenye vile vilivyoandikwa pembeni.

Ng'ombe hasemi kwamba malisho yamekwisha. Mwili wake ndio unaosema, na mfugaji hodari huona. Lakini macho huzoea. Anayemwona ng'ombe wake kila siku hatambui kwamba amepungua kilo 20 kati ya Julai na Septemba. Mzani hutambua. Ndiyo maana katika kila kituo cha utafiti wa malisho mzani ndio moyo wa shamba, iwe ni Kongwa kwenye nyika za Dodoma, au Mpwapwa ambako utafiti wa mifugo ulianza tangu mwaka 1905, enzi za Wajerumani. Ng'ombe hupimwa kwa utaratibu ule ule kila mara: alfajiri, kabla hajanywa wala kula, na baada ya muda ule ule uliopangwa, kwa mfano kila wiki nne. Ng'ombe mkubwa aliyetoka kwenye kiu anaweza kunywa lita 30 kwa mara moja, na lita 30 ni kilo 30. Mkimpima mmoja kabla ya maji na mwenzake baada ya maji, mtakuwa mmepima birika.

Mzani wa kielektroniki wa nondo mbili zinazowekwa chini ya ubao ni ghali, na chumvi ya bahari huuharibu. Hatushauri kuununua sasa. Kuna utepe wa kupimia kifua, ambao mnaweza kuanza nao wiki ijayo. Unazungushwa nyuma ya miguu ya mbele, unasoma sentimita, na jedwali linakupa kilo. Hauko sawasawa kabisa, na ng'ombe mwenye mimba huudanganya. Lakini mtu yule yule akipima ng'ombe wale wale kwa utepe ule ule, mtaona nani anapanda na nani anashuka, na hilo ndilo mnalotafuta.

Utepe hauna kazi bila kibanio. Tunaomba tukae kidogo kwenye kibanio, kwa sababu ndicho tunachokiombea fedha za kwanza. Kibanio ni njia nyembamba ya nguzo imara, ng'ombe wanapita mmoja mmoja, na mbele kuna mlango unaomshika asirudi wala kuruka. Ndani yake mnaweza kupima kifua, kuvisha hereni, kutoa damu, kuchanja, kuchoma sindano kwa kipimo kamili, kunyunyizia dawa, kumpandikiza ng'ombe mbegu na kumtazama kama ana mimba. Bila kibanio kila kazi kati ya hizo ni mieleka. Vijana wanne wanamwangusha ng'ombe, mmoja anapigwa teke, ng'ombe mwenye mimba anatupa ndama, na mtaalamu wa mifugo aliyetoka Pangani mjini anachanja kumi na kuondoka. Tunaamini ng'ombe wengi wa pwani hawatibiwi vizuri kwa sababu tu hakuna mahali pa kuwashika.

Kinajengwa kwa nguzo za mti mgumu, au mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi vizuri kwa ajili ya chumvi. Upana wake uwe wa kumzuia ng'ombe asigeuke. Kwa zebu wetu, sentimita 65 hadi 70 zinatosha. Sakafu iwe ya zege lililokwaruzwa au mawe, kwa maana matope yakijaa masika hakuna atakayekitumia. Njia ya kuingilia ipinde kidogo, na isielekee jua la asubuhi, kwani ng'ombe hugoma kuingia pale anapoona mwanga mkali au kivuli cha ghafla. Kiwe mahali ambapo kila mwenye ng'ombe anafika, hata asiye mwanakikundi. Hili la mwisho litawaletea ubishi, na ni afadhali mbishane sasa kuliko baada ya kujenga.

Nyasi nazo hupimwa

Wengi hudhani utafiti wa malisho ni kutazama ng'ombe. Nusu ya kazi ni kupima nyasi, na vifaa vyake ni rahisi kushangaza: kiunzi cha mraba cha nondo chenye nusu mita kila upande, mundu, mifuko, mzani mdogo wa jikoni, na jua. Mnakitupa kiunzi mahali pasipochaguliwa, mnakata nyasi zote zilizomo ndani, mnazikausha mpaka uzito hauendelei kushuka, na mnapima. Vituo vikubwa hutumia tanuri la kukaushia. Hapa Ushongo bati lililoanikwa juani litafanya kazi hiyo, ila mbuzi wafukuzwe. Mkipata wastani wa gramu 50 za nyasi kavu kwenye kiunzi hicho, hiyo ni sawa na takriban kilo 800 kwa ekari.

Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu. Ng'ombe wa kilo 250 hula kwa siku nyasi kavu za kiasi cha asilimia mbili na nusu ya uzito wake, yaani kilo sita na robo. Ng'ombe 20 watakula kilo 125 kwa siku. Kama kipande kina ekari 10 na kila ekari ina kilo 800, jumla ni kilo 8,000. Lakini nusu lazima ibaki ardhini ili nyasi ziweze kuchipua na udongo usiondoke na mvua. Zinabaki kilo 4,000 za kuliwa. Gawanya kwa 125: siku 32. Vipande vinne vya namna hiyo vinatoa siku 128, yaani mkianza tarehe mosi Julai mtafika siku za mwanzo za Novemba. Vuli ikichelewa wiki tatu, hamna kitu. Hapo ndipo kikundi kinapojua mapema, mwezi wa saba, kwamba lazima kiuze ng'ombe watatu wakiwa bado wanene, badala ya kuwauza mwezi wa kumi wakiwa mifupa na mnunuzi akijua shida yenu.

Ili hesabu hiyo iwe kweli, mnahitaji kipimo cha mvua, na mnahitaji vizimba vidogo vya waya ambavyo ng'ombe hawezi kuingiza mdomo. Nyasi za ndani ya kizimba zikilinganishwa na za nje zinaonyesha ng'ombe wamekula kiasi gani. Vizimba vinne au vitano kwa kila kipande vinatosha kuanzia. Vitaibiwa waya, tunajua. Kwenye shamba jingine la pwani tulishauriwa kufuma vizimba kwa fito na makuti, navyo vilidumu masika mawili.

Uzio unaouliza swali

Uzio katika shamba la utafiti una kazi moja zaidi ya kuzuia wizi: unatenganisha majibu. Mfano mzuri uko Mpala, Laikipia, nchini Kenya. Tangu mwaka 1995 watafiti wamekuwa na viwanja 18 vya hekta nne kila kimoja. Vingine vinaingiwa na ng'ombe tu, vingine na wanyamapori tu, vingine na wote, vingine na wote isipokuwa tembo na twiga, na vingine haviingiwi na yeyote kati yao. Wafugaji wengi husema pundamilia humaliza nyasi za ng'ombe. Mwaka 2011 ilichapishwa kutoka viwanja hivyo kwamba wakati wa kiangazi ni kweli, ng'ombe waliochanganyika na wanyamapori waliongezeka uzito mdogo kuliko waliokuwa peke yao. Lakini wakati wa mvua waliongezeka zaidi, kwa kuwa pundamilia walikuwa wameondoa mabua makavu na kuacha majani mabichi. Bila uzio wa namna hiyo, mbishi angebaki na ubishi wake na bwana nyama na wake.

Ninyi hamhitaji viwanja 18. Mnahitaji angalau viwili vinavyofanana kwa udongo na kivuli, kimoja kichungwe kama mlivyozoea na kingine kipumzishwe kwa zamu. Kama mnaweza kupata vinne, viwili viwili, ni bora zaidi, kwa sababu kiwanja kimoja kinaweza kuwa na bahati tu. Na tafadhali kiwanja cha “njia mpya” msikiweke bondeni penye unyevu ili kionekane kizuri mbele ya wageni. Tumeona mashamba ya mfano ya namna hiyo. Yanapigwa picha sana.

Kwenye minazi, miche ambayo majani yake bado yanafikiwa na ng'ombe ifungwe nje ya vipande. Mnazi ulioliwa kilele hauna dawa, na mwenye mnazi hatasikiliza habari za utafiti.

Josho na kamba wetu

Tumesema tutarudi kwenye josho. Josho la kutumbukiza ng'ombe hubeba zaidi ya lita 10,000 za maji yenye dawa. Deltamethrini ni dawa nzuri kwa ng'ombe, lakini ni sumu kali kwa samaki, na kwa kamba na kaa ni kali zaidi. Ushongo ni kijiji cha bahari. Mikoko ipo, mto upo, na kamba wadogo hukulia humo. Josho likipasuka ufa, au likizolewa na mvua za Aprili, au mtu akalimwaga kiholela wakati wa kusafisha, hasara haitakuwa ya wafugaji. Itakuwa ya mama anayechuja dagaa na kijana mwenye ngalawa, ambao hawana hata ng'ombe mmoja. Tunafurahi kwamba wavuvi wamekaa mkutanoni leo, na tunaomba jambo lolote la josho lisiamuliwe wasipokuwepo.

Kuna sababu ya pili. Mkwaja ilifaulu kwa sababu maelfu ya ng'ombe waliotiwa dawa walitembea kwenye eneo kubwa lililo chini ya mwenye ranchi mmoja. Kijiji chenye ng'ombe wachache kando ya pori hakipati matokeo yale yale. Mbung'o wapya huingia kila siku kutoka msituni. Tusiwaahidi asilimia 90 ambayo hatuwezi kuileta.

Njia tunayoipendekeza ni ndogo na nafuu. Uchunguzi uliofanywa Zimbabwe ulionyesha kwamba mbung'o hupenda kunyonya miguu na tumbo, tena kwa ng'ombe wakubwa zaidi kuliko ndama. Nchini Uganda, katika kampeni ya malale iliyoanza mwaka 2006, ng'ombe walinyunyiziwa dawa sehemu hizo tu. Dawa inayotumika ni sehemu ndogo ya ile ya kumlowesha ng'ombe mzima, na inanyunyizwa kwa bomba la mgongoni, ng'ombe akiwa kwenye kibanio. Mnaona tumerudi pale pale. Kibanio kikiwa mbali na mto, na maji ya kusuuzia bomba yakimwagwa kwenye shimo lililochimbwa mahali pakavu mbali na kisima, hatari kwa bahari inapungua sana. Kupe wa masikioni bado watahitaji kupakwa dawa kwa mkono. Pamoja na hayo kuna vile vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, ambavyo vinaweza kusimamishwa upande wa kichaka.

Tena, ndugu zetu, mbung'o hawashindwi na kijiji kimoja. Unguja waliwamaliza: madume waliofanywa tasa walifugwa Tanga, kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o, wakamwagwa kwa ndege kuanzia mwaka 1994, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Lakini Unguja ni kisiwa. Sisi tuko bara, na pori letu halina mwisho wa bahari. Kwa hiyo kupima damu kutakuwa kazi ya miaka yote.

Damu hupimwa hivi: tone linawekwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, mrija unazungushwa kwa kasi kwenye mashine, na sehemu ya chembe nyekundu inasomwa kwa asilimia. Ng'ombe aliye chini ya 24 au 25 ana upungufu wa damu na anastahili kuchunguzwa zaidi. Mashine hiyo msinunue. Tanga kuna maabara na wataalamu wa mbung'o, na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, ina kituo chake huko huko. Mnachotakiwa kuwa nacho ni kibanio, orodha ya ng'ombe wenye namba, na siku iliyopangwa, ili mtaalamu akivuka kivuko cha Pangani asubuhi awakute ng'ombe wamesimama mstarini.

Maji, kivuli na daftari

Maji tutayapitia haraka. Kila kipande kiwe na birika lake, au vipande vinne vikutane kwenye birika moja katikati. Msitegemee lambo moja pembeni, kwa sababu ng'ombe watalifanyia lambo kile walichokifanyia boma kule Mkwaja. Kule Devon, Uingereza, kwenye shamba la North Wyke la taasisi ya Rothamsted, tangu mwaka 2010 kila kipande cha malisho kimezungushiwa mfereji wake, na maji yanayotoka hupimwa kila dakika 15 ili kujua samadi na mbolea zinakwenda wapi. Hatuwaambii mfanye hivyo. Tunawaonyesha tu kwamba hata wenye fedha nyingi wanajali maji yanayotoka shambani mwao yanamfikia nani.

Kuhusu daftari tuna maneno machache na ombi moja. Daftari liwe la jalada gumu, liandikwe kwa kalamu ya wino usioyeyuka, na kila mwisho wa mwezi ukurasa unakiliwe na kuwekwa nyumba nyingine. Namba ya ng'ombe, uzito, dawa na kipimo chake, nyasi, mvua, kuzaa, kufa. Kufa hasa. Watu huona haya kuandika kifo, na kifo kisichoandikwa hakimfundishi mtu. Ombi letu ni kwamba mtunza daftari awe mmoja wa wale mama wenye mitamba ya kukopa. Hatulisemi hili kwa kupamba. Wao ndio wenye deni la ndama wa kwanza, na tumeona vikundi vingi ambapo mwenye deni ndiye anayekumbuka tarehe.

Mzee mmoja ametuuliza nje kabla hatujaanza: watafiti wamekuja mara nyingi, wamechukua damu, wamechukua nyasi, wameondoka, na majibu hatujayaona, hili litakuwa tofauti vipi? Tunamjibu mbele yenu. Litakuwa tofauti kama namba zitaanza kukaa hapa. Anayekuja kuchukua sampuli aandike jina lake na alichochukua kwenye daftari lenu, na nakala ya majibu irudi kabla ya kuruhusiwa safari ya pili. Mnayo haki ya kumwambia hapana, na sisi pia mkituona hatujarudisha majibu, mtufungie kibanio.

Jengo litakuja. Kwa sasa kivuli cha mwembe na sanduku la bati lenye kufuli vinatosha kwa utepe, mundu, kiunzi na daftari.

Ndugu Mwenyekiti, maswali tutayapokea sasa. Lakini kuhusu mahali pa kibanio tusibishane tukiwa tumekaa. Tunaomba twende wote, wafugaji na wavuvi, tukapaone kabla jua halijawa kali, na mtu abebe mambo na kamba.